Jina la Salvacion Kwenye Karatasi ya Kura

Jumapili, 28 Aprili 2013

Wamemleta. Jeneza jeupe, kioo juu ya uso. Tumeliweka kwenye meza ya kukandia unga, maana hatuna meza nyingine ndefu. Sakafuni bado kuna unga wa Ijumaa. Manay Ditas, dada wa nyumba ya pili, amekataza mtu yeyote kugusa ufagio. Nyumba yenye maiti haifagiliwi, ukifagia unawafagia na wengine. Basi tunakanyaga unga. Nyayo za mji mzima zimo humu dukani.

Risasi tano. Sokoni, mchana kweupe. Alikuwa amechuchumaa na mabibi wawili wauza dagaa, anawafundisha kupiga kura. Alichora viduara kwenye mifuko yetu ya mkate, kama vile vya kwenye karatasi ya kura. Yeye aliviita mayai. "Jaza yai lote, Bibi. Ukiacha jeupe mashine haikuoni." Pikipiki ikasimama. Watu wawili, helmeti. Wa nyuma alishuka taratibu, kama mteja. Ndivyo wanavyosimulia. Mimi nilikuwa kwenye tanuri. Nilisikia — nikadhani fataki za kampeni.

Penseli ilikuwa bado imo nyweleni mwake. Siku zote aliichomeka pale, kisha anaitafuta nyumba nzima na kutulaumu sote. Mwanetu Aldrin aliichomoa hospitalini akaitia mfukoni.

Mgombea umeya wa mji wa Santa Obdulia. Mke wangu. Bango lake bado liko dukani, anacheka.

Jioni mdogo wake, Delfin, kaleta kifaranga. Kakiweka juu ya kioo. Aliyeuawa huwekewa kifaranga, kila kikidonoa kinamdonoa muuaji rohoni.

"Usikilishe sana, shemeji," kaniambia. "Kikishiba kitalala. Nataka kiwe na njaa."

Nimekipa makombo. Kilikuwa kinalia mno.

Jumatatu, 29 Aprili

Meya Llorin amekuja kutoa pole!

Vijana walikuwa uani wanacheza kurusha sarafu, uso au nembo. Matanga bila kamari hayakeshi. Mara sarafu ikaanguka chini na hakuna aliyeinama kuiokota. Magari mawili. Walinzi wanne wenye mashati yaliyotuna kiunoni, na hii ndiyo miezi ya marufuku ya silaha. Shada la maua kubwa kama gurudumu la lori. Jina lake kwenye utepe limeandikwa kwa herufi kubwa, la marehemu kwa ndogo.

"Manoy Pilo," akasema, akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, kaka yangu. Siasa ni siasa, mtu ni mtu. Mkate wako nimeula tangu sijaota meno."

Duka zima lilikuwa linamtazama kifaranga, si yeye. Naye alijua. Akainama polepole juu ya kioo, akamwangalia Salvacion. Nilisikia saa ya ukutani.

Kifaranga kilikuwa kimelala. Kimevimba tumbo kwa makombo yangu.

"Kimehongwa na hiki!" mtu akasema kule nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Hata Meya alicheka, akajifuta macho. Delfin hakucheka. Alinitazama mimi.

Mgeni wa matanga hasindikizwi mlangoni. Leo nimeipenda desturi hiyo kuliko zote. Aliondoka peke yake, akageuka kizingitini. "Sasa tumalize uchaguzi kwa amani, Manoy. Mpinzani wangu hayupo tena."

Alisema hivyo kwa upole kabisa.

Jumatano, 1 Mei

Watu wa chama wamekuja, watatu, mmoja mwanasheria. Walikula supu kwanza. Halafu wakafungua midomo.

Karatasi za kura zimeshachapishwa na jina lake limo. Sheria inaruhusu mgombea aliyekufa awekewe mbadala, hata asubuhi ya siku ya kura, ila lazima awe na jina lile lile la ukoo. Kura atakayopigiwa Barrameda marehemu itahesabiwa ya Barrameda aliye hai.

Delfin akapiga ngumi mezani. "Mimi ni Brondial! Damu yake ninayo, jina sina. Sheria gani hii!"

Macho yote yakamwendea Aldrin. Ana miaka ishirini na miwili. Umri unaruhusu, mwanasheria alishahesabu.

"Mimi niko tayari," Aldrin akasema. Aliisema kama ninavyomwomba ashushe gunia la unga garini. Ana baka dogo jeusi shingoni, chini ya sikio. Alipokuwa mdogo mama yake alimbusu hapo akisema ni kitufe cha kuwashia kicheko. Nililiona baka lile — nikaona na mahali risasi inapoweza kuingia.

"Mimi nitasaini," nikasema.

"Wewe nani?" Delfin akauliza. Hakuwa anatania.

"Barrameda."

Mmoja wa chama akakohoa. Aldrin akasimama. "Baba, wewe unaomba radhi hata kwa jogoo ukimkanyaga. Utasimama jukwaani useme nini?"

"Sitasema kitu. Nitagawa mkate."

"Llorin atakumeza!"

"Basi animeze mimi."

Nimesaini. Manay Ditas alilia jikoni, akatoka akasema vitunguu ni vikali. Supu yetu haikuwa na kitunguu.

Jumamosi, 4 Mei

Tumemzika. Naandika nikiwa na udongo wa makaburini kwenye viatu.

Bendi ilikuwa mbele, jeneza katikati, mji mzima nyuma. Tulipofika darajani likaja lori dogo jeupe lisilo na namba, likapunguza mwendo kama la mtu mwenye adabu. Kisha likafyatua risasi — kwenye bendi! Tarumbeta zilinyamaza moja moja. Mpiga tuba alianguka chini ya lile tarumbeta lake kubwa na lilikuwa na tundu ninaloweza kupitisha kidole. Watu waliruka mtoni. Wabebaji waliliachia jeneza, likagonga barabara kwa kona. Kioo kilipasuka.

Mimi nilijilaza juu yake. Aliye ndani alikuwa hana la kuogopa, lakini nilijilaza.

Lori lilipokwenda tukambeba mbio. Mbio na maiti! Mtoto mmoja wa bendi ametutoka, mpiga ngoma ndogo, jina lake sijalijua. Mpiga tuba yuko hospitali. Makaburini padri alisema sala kama anakimbizwa. Kila mtu alikuwa anageuka kutazama barabara. Ulikuwa msongamano karibu na jeneza, mikono tu kila upande, sikuona ya nani. Wakamsukuma kwenye tundu lake la kaburi ukutani, safu ya pili, wakaziba kwa matofali na zege. Fundi alisahau kuandika tarehe. Aliandika jina kwa msumari tu.

Kifaranga nimerudi nacho mfukoni. Kiko ndani ya boksi la hamira karibu na tanuri.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi, tunakunywa kahawa, Manay Ditas kauliza, "Ni nani aliyekata rozari?"

Maiti huzikwa na rozari mikononi, na kabla ya kufunga jeneza mtu huikata uzi. Isipokatwa ni mnyororo, anayefuata humfuata aliyetangulia, wa nyumba ile ile.

"Nilidhani wewe," nikamwambia.

"Mimi nilidhani padri."

Padri hawezi. Padri huita mambo haya ya mizimu. Mke wa fundi alidhani ni mimi. Kila mtu alidhani mwingine — kwa sababu ya lile lori jeupe.

Aldrin alimeza mkate akasema haya ni mambo ya vizee. Lakini aliweka kikombe chini.

Nimewakataza wote kulitaja tena. Hasa mbele ya Delfin, ambaye tangu jana yuko hospitali na mpiga tuba. Akisikia atakwenda na nyundo leo leo, na Llorin atapata kusema kwamba tunavunja makaburi kutafuta kura.

Ni uzi tu. Najiambia ni uzi tu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewasha tanuri tena. Watu lazima wale.

Aldrin ndiye anayepeleka mkate ukumbi wa mji kila asubuhi, kikapu kile kikubwa chenye kitambaa alichotarizi mama yake, samaki wawili wa bluu. Ukumbi umejaa polisi siku hizi, kila anayeingia anapapaswa hadi soksi. Kikapu chetu hawakigusi. Askari wa mlangoni huchomoa mkate wa juu, humwambia "pita, kijana wa Meya mpya," na hucheka.

Kampeni yangu ni hii: nakaa dukani. Mabibi wanakuja na mifuko ya mkate yenye mayai ya Salvacion, wananionyesha walivyojaza. Wengine wanatoka nje ya mstari. Nawaambia vizuri, vizuri sana. Mmoja kauliza, "Sasa nikijaza jina lake, kule atajua?" Nikampa mkate.

Mchana wamepiga dirisha. Risasi moja. Imepita juu ya trei, imetoboa gunia, unga ukamwagika kimya kimya kama maji. Nilikaa nautazama. Aldrin ndiye aliyenivuta chini.

Delfin kaja na bastola imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta.

"Ondoa hiyo mbele ya mtoto," nikamwambia.

"Mtoto ana ndevu, shemeji."

"Ondoa."

"Unataka tuwarushie nini, andazi?"

Aldrin akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka, halafu nikaona anaitazama ile bastola jinsi mama yake alivyotazama mkate unaotoka motoni, kabla ya kuugonga chini kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama umeiva.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya kura. Nitaandika kidogo.

Asubuhi nilikwenda shule ya msingi, darasa la nne, madawati ya watoto. Nilipewa karatasi ndefu. Jina langu halipo. Lipo lake. BARRAMEDA, Salvacion. Ili nijipigie kura mwenyewe ni lazima nimpigie yeye. Nilijaza yai lake lote. Nilichukua muda mrefu, msimamizi akaniuliza kama kalamu imekwisha wino.

Nje wakanipaka wino kidoleni. Saa hiyo hiyo guruneti lilirushwa uwanjani upande wa bendera. Wawili wamekufa, mwalimu na muuza barafu. Watu walitoka, wakajificha, wakarudi kwenye mstari. Wamerudi kwenye mstari! Bibi wa dagaa alikuwa na damu ya mtu mwingine kwenye kanga yake na alikuwa anauliza mstari wa darasa la nne ni upi.

Delfin alikuwa wakala wetu kijiji cha Kalanag, juu mlimani. Kule mashine ilikwama, ikabidi kadi yake ya kumbukumbu iletwe mjini kwa gari la jeshi. Delfin akakataa kuiacha kadi. Akapanda pikipiki, akalifuata gari nyuma.

Kwenye kona ya mwisho walikuwa wanawasubiri.

Kadi imefika. Jeshi limeileta, iko salama.

Delfin naye kafika, nyuma ya gari hilo hilo. Kidole chake kilikuwa na wino wa kura. Nilikisugua kwa kitambaa na maji, sijui kwa nini, haukutoka.

Jumanne, 14 Mei

Meza ya kukandia tena. Jeneza la kahawia safari hii. Tanuri limezimwa tangu jana.

Manay Ditas alinitaka nitafute kifaranga kingine. Sikwenda. Nimemtoa yule yule kwenye boksi la hamira. Ameanza kuota manyoya ya mabawa.

"Huyo ni wa zamani," mtu akasema.

"Kazi yake haijaisha," Ditas akajibu.

Redio imewaka tangu alfajiri. Mtangazaji anapitia kanda yetu mkoa kwa mkoa, halafu majiji, kama anayeita mahudhurio darasani. Magavana. Makamu. Mameya wa majiji. Huyu anaongoza, huyu amekubali kushindwa, kule wanafunga barabara kwa furaha. Mkoa mmoja umemaliza kabla ya chai. Jiji moja wamechagua upya mtu na nduguye na mke wa nduguye. Watu wa matanga wanasikiliza na karata mkononi. Kila mkoa ukisomwa, mmoja anasema "haya," wanatupa karata.

Kisha miji midogo. Mwisho kabisa: "Santa Obdulia — matokeo bado." Kisha wimbo wa tangazo la sabuni.

Aldrin hakucheza karata. Alikaa kwenye ngazi anachonga penseli. Ile ya mama yake. Aliichonga mpaka ikabaki kipande.

"Rozari ya Mama haikukatwa," akaniambia bila kugeuka. "Mjomba amefuata. Mimi au wewe, Baba?"

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Sisemi. Nauliza tu."

Vitu vya Delfin vimeletwa ndani ya mfuko: saa, pochi, medali ya Bikira, ufunguo. Bastola haimo. Polisi wanasema hawakuiona. Labda kweli. Aldrin ndiye aliyekuwa wa kwanza kulifikia gari la jeshi.

Jumatano, 15 Mei

Wamesoma kadi ya Kalanag.

Llorin, 4,311. Barrameda, 4,311.

Mwanasheria alinipigia simu, akarudia mara tatu, nikadhani laini ina mwangwi. Wamehesabu tena. Ni vile vile. Redioni mtangazaji aliyekwisha kuchoka na mikoa yote na majiji yote akaamka ghafla! Sasa sisi ndio habari. Mji mdogo usiojulikana na mtu, wa mwisho kwenye orodha, na kanda nzima inacheka.

Sheria inasema kura zikilingana inapigwa bahati nasibu mbele ya bodi ya majumuisho. Wamekubaliana sarafu. Mrusho mmoja. Keshokutwa asubuhi, ukumbi wa mji.

Vijana wa uani walishangilia. "Manoy Pilo, njoo tukufundishe! Uso au nembo?" Wakanirushia sarafu, ikanigonga kifuani.

Wanamrushia Salvacion. Ndivyo ninavyoona. Wanamrusha hewani.

Nimemtafuta Aldrin tule naye. Hakuwepo. Alirudi akasema alikuwa anatembea. Nikamwambia, "Kama una kitu cha mjomba wako, nipe."

"Nina huzuni yake," akasema. "Nayo unaitaka?"

Kisha akanibusu kichwani. Hajafanya hivyo tangu utotoni. Nimeogopa busu lile kuliko yote ya wiki hizi.

Alhamisi, 16 Mei

Leo mchana nimekwenda makaburini na nyundo na patasi. Manay Ditas kanifuata na mwavuli na mkasi wa kushonea, hakuombwa. Mlinzi wa makaburi alitutazama, akageuza kiti chake kikatazama upande wa pili.

Zege lilikuwa bado bichi ndani. Matofali yalitoka kama meno. Tukavuta jeneza kidogo tu, mpaka kifuani. Kioo kilikuwa kimevunjika tangu darajani. Nisiandike harufu. Nikitaka kukumbuka nakumbuka ile ya asubuhi, unga na sabuni ya mche.

Alikuwa na gauni la bluu. Mikono juu ya kifua, rozari imezungushwa vidoleni. Manay Ditas akanipa mkasi huku anageuza uso. Nikaingiza kidole chini ya shanga niupate uzi.

Ilikuwa imekatwa.

Imekatwa vizuri, pembeni mwa msalaba, na ncha mbili zimefungwa fundo dogo shanga zisimwagike. Fundo la wavuvi. Ni Delfin pekee nyumbani kwetu aliyejua kulifunga, alikuwa akilitumia hata kufungia viroba vya unga na mimi nilikuwa namgombeza, halifunguki. Katika msongamano ule, mikono mingi, mmoja ulikuwa wake. Alifanya kazi yake. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu nilikataza.

Nikakaa chini. Ditas naye akakaa. Tulikaa chini ya mwavuli wala mvua haikuwepo.

"Basi mnyororo ulikatika," akasema.

"Ndiyo."

"Na Delfin amekufa hivyo hivyo."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Sasa tutamwambia nini Aldrin?"

Nilitaka uzi uwe mzima. Mungu anisamehe, nilitaka niukute mzima, niukate, nirudi nyumbani nimwambie: tayari mwanangu, imekatwa, hakuna atakayefuata. Ningelala. Sasa hakuna cha kukata.

Nimemrudishia mkono wake. Nimeyapanga matofali. Jina nimeliandika tena kwa patasi, na tarehe.

Aldrin nimemwambia ukweli alipokuja kula. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si rozari," akasema. "Ni watu."

Akaosha sahani yake. Akaosha na yangu.

Ijumaa, 17 Mei

Niko ukumbi wa mji. Jambo lenyewe linatokea sasa hivi. Naandika juu ya goti kwa sababu mikono inataka kazi, na watu wakiniona naandika wananiacha.

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulipapaswa mlangoni, mimi hadi soksi. Bodi ya majumuisho iko mezani, wanasheria kila upande, vipaza sauti vya redio, kamera za televisheni, askari kwenye kuta. Llorin kiti cha mbele kulia, mimi kushoto, nafasi katikati yetu. Shati jeupe. Akaniinamishia kichwa.

Mwenyekiti wa bodi, mama wa makamo, akauliza, uso au nembo. Llorin akasema, "Manoy ndiye mfiwa, achague yeye." Watu wakapiga makofi kwa adabu yake. Nikasema uso.

Mwenyekiti akarusha.

Ilikwenda juu sana, mama huyu hajawahi kurusha sarafu maishani mwake. Ikagonga pangaboi! Ikaruka, ikabingirika sakafuni, watu wakainua miguu kama kuna panya, ikaingia chini ya kabati la chuma la majalada. Vicheko, kelele. Askari akainama na tochi. Anasema anaiona. Imesimama kwa ubavu, imeegemea ukuta.

Wanasheria wakarukiana. Wa Llorin: irushwe upya. Wetu: kabati lisiguswe, kwanza ipigwe picha. Wa Llorin: ipigwe picha ya nini, ina uso gani sarafu iliyosimama! Mwenyekiti ameamuru kila mtu abaki alipokaa, anapiga simu makao makuu. Hakuna kutoka, hakuna kuingia.

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Aldrin. Yuko mlango wa pembeni, ule wa jikoni. Ana kikapu. Kitambaa cha samaki wawili.

Askari wa mlango ule alikuwa anatafuna mkate. Anautafuna kwa shida, anauvuta kwa meno.

Tanuri halijawashwa tangu Jumatatu.

Sikuita. Nikiita watamuua pale pale, mikono yao yote ipo viunoni. Nilisimama na kiti changu. Watu walidhani nakwenda msalani. Nimevuka ile nafasi ya katikati, nikakiweka kiti changu ubavuni mwa Llorin, karibu kabisa, upande wa mlango wa jikoni, bega langu juu ya bega lake. Nikamshika mkono juu ya kiwiko kama ndugu wawili msibani.

Nyuma, mtu wetu: "Aa! Manoy kauza!" Mwingine: "Hata msiba haujaisha!" Nimemsikia Manay Ditas akilia, si kitunguu.

Llorin amenong'ona, "Unataka amani, Manoy? Tungeongea mapema."

"Usisimame, Meya," nimemwambia. "Wala usiegemee mbele."

Amenitazama. Akatazama ninakotazama. Nimehisi mkono wake unavyobadilika chini ya mkono wangu, umekuwa mgumu kama mkate wa juzi. Ananukia sabuni nzuri.

"Ni mwanao yule?" 

"Kaa tu."

Salvacion angenifanya nini akiniona hapa. Nimemkumbatia mtu huyu. Kifua changu kimemziba yeye — lakini ninayemlinda ni mwanangu.

Mwenyekiti bado yuko kwenye simu. Askari amelala kifudifudi na tochi, anawaambia wenzake wasitembee kwa nguvu, itaanguka.

Aldrin ameweka mkono chini ya kitambaa. Hautoi. Ananitazama mimi tu, ana uso wa mtoto aliyekosa njia. Nimemtikisia kichwa, kidogo sana. Sasa anafuata ukuta, polepole, anapita nyuma ya kamera, anatafuta upande mwingine. Amefika dirishani.

Nimehamisha kiti, niwe tena kati yake na Llorin.

Anarudi kuelekea jukwaani. Penseli ile fupi iko nyuma ya sikio lake, karibu na lile baka.

Nahamisha tena